Mafuta ya Breki Si Mafuta

Alhamisi, tarehe tatu Aprili. Asubuhi hiyo kulikuwa na mawingu mepesi na upepo wa baridi kidogo, lakini mvua haikunyesha. Mume wangu alitoka nje mapema, akatazama juu, akasema siku imekubali. Alikuwa na maana kwamba imekubali kazi ya gari.

Mume wangu ni seremala. Anatengeneza viti, meza na vitanda nyuma ya nyumba yetu, chini ya paa la bati. Pembeni ya benchi lake la kazi ndipo gari letu linapolala. Ni gari dogo la zamani. Rangi yake ya bluu imepauka, na mlango mmoja wa nyuma hufunguka kwa ndani tu. Analipenda sana. Akilipita hulipiga kofi dogo kwenye boneti, kama anayemsalimia rafiki. Mimi huwaambia majirani kwamba nina mke mwenza mwenye magurudumu manne. Naye hujibu kwamba mke mwenza huyo angalau hamwulizi alikuwa wapi.

Wiki hiyo gari lilikuwa na kazi kubwa kuliko kubeba viti. Binti yetu alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani kwetu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mume wake alikuwa kazini, mbali, akisubiri ruhusa ya kuja. Sisi tunakaa juu ya kilima, na hospitali iko chini. Barabara inashuka kwa mteremko mrefu wenye kona tatu kali, na chini kabisa kuna soko linalomwaga watu barabarani. Nesi alikuwa amesema mtoto anaweza kuja siku yoyote. Mume wangu akaamua kwamba gari lazima liwe tayari, saa yoyote uchungu utakapoanza.

Siku zote gari hilo tulikuwa tunalipeleka gereji. Lakini fundi wetu alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yake. Mume wangu alimpigia simu, na simu ilikuwa inakatikakatika. Fundi alimweleza kwa haraka. Amwage oili ya zamani, abadili chujio la oili, aangalie maji ya rejeta, yale yanayopoza injini, na upepo wa matairi. Mwisho akasema, "Na mafuta ya breki yakiwa yamepungua, ongeza." Simu ikakatika moja kwa moja, na baada ya hapo haikupatikana tena.

Mume wangu alirudisha simu mfukoni akiwa na furaha.

"Ni kazi ya asubuhi moja," alisema. "Mtu anayeunga kabati la milango minne atashindwa kufungua boliti?"

Nikamwambia kabati haliteremki mlima. Alicheka, akaenda kutafuta spana.

Lazima niseme ukweli. Kazi ile aliianza vizuri. Alilisogeza gari mahali penye usawa. Akavuta breki ya mkono, akaweka vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Akalinyanyua kwa jeki. Alikuwa ameshalala chali, tayari kuingia chini ya gari, tuliposikia sauti juu ya ukuta.

"Seremala, unataka kumwacha mwenzako mjane?"

Alikuwa jirani yetu, Mama Spana. Jina hilo alipewa na madereva wa mabasi. Alifanya kazi kwenye gereji ya mabasi kwa miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yakamkatalia. Sasa anafuga kuku, na kuku wake wote wana majina ya mabasi ya zamani. Alikuwa amesimama juu ya ndoo, akituangalia.

Akatufundisha hapo hapo. Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulishikilia. Inaweza kuteleza au kuishiwa nguvu wakati wowote, na mtu aliye chini hatapata nafasi ya kutoka. Asiingie mtu chini ya gari mpaka likae juu ya stendi za chuma. Akatupitishia stendi zake mbili kwa juu ya ukuta, moja baada ya nyingine, akinung'unika kwamba ni nzito kama wakwe. Kisha akauliza kama aje kuangalia kazi.

"Dada, pumzisha magoti yako," mume wangu alijibu kwa heshima. "Hii ni kazi ndogo."

Mama Spana alimtazama kidogo, akashuka kwenye ndoo, akarudi kwa kuku wake.

Mume wangu akaendelea. Alilishusha gari kwanza, akawasha injini kwa dakika chache ili oili ipate uvuguvugu na itiririke vizuri, kisha akaizima. Akalinyanyua tena, akaliweka juu ya stendi, akafungua boliti ya chini. Oili ikamwagika, nyeusi kama masizi. Ilimwagikia ndani ya beseni langu la kufulia. Nilipolalamika, aliniambia beseni lilikuwa karibu kuliko mimi. Akafungua chujio la zamani, akafunga jipya, akakaza boliti, akalishusha gari chini. Akamimina oili mpya kidogo kidogo. Alisubiri oili itulie, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilifika katikati ya zile alama mbili. Ile ya zamani aliimimina kwenye dumu ili aipeleke gereji, maana oili iliyotumika haimwagwi ardhini wala mtaroni.

Mpaka hapo sikuwa na neno. Nilijivunia mume wangu.

Halafu akafungua boneti kutazama mafuta ya breki. Yanakaa ndani ya kichupa cheupe cha plastiki, upande wa dereva, karibu na kioo cha mbele. Kichupa kina mistari miwili, wa juu na wa chini. Yalikuwa chini ya mstari wa chini. Mume wangu alifungua kifuniko, akanipa nikishike. Akainama, akachukua lile galoni la oili ya injini. Lilikuwa limebaki na oili kidogo.

Mimi nasoma madarasa ya jioni. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nilianza nikiwa na miaka arobaini na tisa, bila kujua hata jina langu linavyoandikwa. Sasa siwezi kupita penye maandishi bila kuyasoma, hata yawe kwenye gunia la simenti. Kwa hiyo nilikifuta kile kifuniko kwa upindo wa gauni, nikakisoma. Maneno mengine yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Lakini herufi ni zile zile. Niliona D, O, T, halafu namba tatu. Nikatazama galoni la oili, mbele na nyuma. D, O, T haikuwepo popote.

"Ngoja," nilisema. "Hapa kwenye kifuniko pameandikwa kitu."

"Kila kitu kimeandikwa kitu, mama," alijibu. "Hata kiberiti. Hapa hatufanyi mtihani."

Alisema kwa upole, akitabasamu. Nami nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mimi ni mwanafunzi wa jioni tu, naye amezoea vyuma. Akamimina oili mpaka ikafika mstari wa juu. Nikamrudishia kifuniko. Akakifunga, akalipiga gari kofi lake dogo.

Ijumaa alipeleka meza kwa mteja, akarudi akilisifu gari. Alisema injini inaimba. Jumamosi asubuhi alikwenda kununua mbao. Aliporudi hakusema kitu juu ya injini. Nilimwona amechuchumaa karibu na gurudumu la mbele, ameliwekea kiganja kwa mbali, kama mtu anayeota moto. Nikamuuliza kuna nini. Akasema pedali ya breki imekuwa nzito, na gari lina uvivu kidogo, kama linavutwa kwa nyuma. Alidhani vitu vipya bado havijazoeana.

Binti yetu alitoka nje akishikilia kiuno. Akasimama, akanusa.

"Baba, gari lako linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo."

"Limechoka na mlima," baba yake alisema. "Hata wewe ungepanda mlima ule ungenuka."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza kucheka. Niliingia ndani, nikafunga mlango wa chumba, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilimwomba Mungu atuonyeshe kasoro ya gari kabla hatujampakia mtoto wetu. Niliomba kwa moyo wote. Lakini nikiwa katikati ya ombi, nilishtuka. Nilikuwa naomba nionyeshwe kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kuonyeshwa. Nilikishika mkononi mwangu siku ya Alhamisi, nikakifuta kwa gauni langu, nikakisoma, kisha nikakaa kimya.

Sikumaliza ombi lile. Niliinuka, nikatoka nje.

Mume wangu alikuwa anapiga randa. Nilisimama mbele ya benchi lake mpaka akaacha. Nikamweleza kwamba kifuniko cha kichupa cha breki kina D, O, T na namba tatu, na galoni la oili halina. Nikamwambia kwamba huenda ni vitu viwili tofauti.

Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Na unaniambia leo?" aliuliza.

"Nakuambia leo. Nilipaswa kukuambia juzi, hata baada ya wewe kunijibu."

Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alinawa mikono, akavua aproni yake, akavaa shati safi kama mtu anayekwenda kuposa. Kisha akaenda mwenyewe kwa Mama Spana. Sikusikia alichosema huko. Niliona tu wakirudi pamoja, Mama Spana mbele na fimbo yake, mume wangu nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Mama Spana hakugusa kitu kabla ya kutazama. Alitaka boneti ifunguliwe. Akafungua kile kifuniko, akakigeuza. Ndani yake kuna kipande cha raba nyeusi. Kilikuwa kimevimba na kujikunja, kama kidole kilichobanwa na mlango.

"Ulimimina nini humu?"

"Mafuta," mume wangu alisema.

"Mafuta gani?"

"Fundi alisema mafuta ya breki yakipungua niongeze. Yalikuwa yamepungua. Nikaongeza mafuta. Oili mpya, dada, ile ile nzuri niliyoweka kwenye injini."

Mama Spana alifumba macho. Akaomba kiti. Kiti kikaletwa, akakaa, akaegemeza fimbo yake kwenye bampa.

"Seremala, hebu nihesabie," alisema. "Nyumbani kwako kuna mafuta ya aina ngapi?"

Mume wangu hakuelewa, lakini alianza kuhesabu kwa vidole. Mafuta ya kupikia. Mafuta ya kujipaka. Mafuta ya taa. Binti yetu akaongeza mafuta ya nywele. Mimi nikakumbuka kwamba hata petroli tunaiita mafuta, tukienda kituoni tunasema tunaweka mafuta.

"Vizuri. Umewahi kukaanga mayai kwa mafuta ya nywele ya binti yako?"

"Hapana."

"Kwa nini? Si mafuta?"

Binti yetu alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, akamsihi Mama Spana asimzalishe pale pale. Hata mume wangu alicheka, ingawa kidogo. Mama Spana yeye hakucheka. Alitueleza taratibu, na maneno yake nimeyaweka moyoni ili niweze kuyaandika.

Alisema kwamba tumeyaita mafuta kwa mazoea tu. Kile kinachokaa kwenye kichupa cha breki si oili kabisa. Ni maji ya aina yake, yametengenezwa kwa ajili ya breki peke yake, na ile DOT 3 ya kifunikoni ndiyo inayotaja aina hiyo. Dereva akikanyaga pedali, maji hayo ndiyo yanayosukumwa ndani ya mabomba membamba, yakapeleka nguvu ya mguu mpaka kwenye magurudumu. Njiani kuna raba nyingi ndogo zinazozuia yasivuje. Maji ya breki na raba hizo vinapatana. Oili ya injini ikizigusa, raba zinavimba na kulainika.

"Mwanzo pedali inakuwa nzito," alisema. "Breki zinashika zenyewe na kukataa kuachia. Gurudumu linapata moto, mnasikia harufu ya pasi. Baadaye raba zinakatika. Unakanyaga, mguu unakwenda mpaka chini, na gari halina habari na wewe."

"Baadaye lini?" mume wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sijui. Labda mwezi ujao. Labda kona ya pili, leo mchana."

Wote tulimtazama binti yetu. Naye alikuwa ameacha kucheka, na mkono wake ulikuwa bado juu ya tumbo.

Mume wangu aliuliza kama anaweza kuinyonya ile oili na bomba la sindano, kisha akaweka kitu sahihi. Mama Spana alikataa. Gari lilikuwa limeendeshwa siku mbili, na kila breki iliyokanyagwa ilisukuma oili mbele zaidi. Sasa lazima raba zote zibadilishwe, na mabomba yote yasafishwe. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea. Na gari lisiendeshwe hata kwenda gereji. Fundi atalifuata lilipo.

Kisha akauliza jambo ambalo hatukulifikiria. Kwa nini yalipungua?

"Breki hazinywi," alisema. "Yakipungua, kuna sababu. Ama yanavuja mahali, ama pedi za breki zimelika, nayo yameshuka kujaza nafasi. Ukiongeza tu bila kutafuta sababu, umefunika shimo kwa mkeka."

Gurudumu lilikuwa limepoa. Alimwelekeza mume wangu kulitoa gurudumu la mbele, gari likiwa juu ya stendi. Akamwonyesha pedi ya breki. Ilikuwa imebaki unene wa sarafu.

Kabla ya kuondoka alituagiza mambo mawili. Yeye atamwita fundi wa gereji ya mabasi, aliyekuwa msaidizi wake zamani, aje Jumatatu na raba na pedi mpya. Na sisi tupange usafiri mwingine siku ile ile, tusisubiri uchungu uanze. Mume wangu akampigia simu dereva wa teksi wa mtaani, ambaye sote tunamwita Polepole. Polepole akaahidi kuacha simu yake wazi.

Tulifanya vizuri kupanga. Jumapili asubuhi, baada ya chai, binti yetu alisimama ghafla katikati ya chumba, akaniambia, "Mama, ni leo."

Nilikwenda kuchukua mfuko wake. Niliporudi nilimwona mume wangu amesimama nje kando ya gari, na ufunguo mkononi. Miguu yake ilikuwa imempeleka pale bila yeye kutaka. Aliponiona alinijia, akaweka ufunguo kwenye kiganja changu, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

"Kaa nao wewe," alisema. "Mtoto wangu akilia tena kama alivyolia sasa hivi, nitalipanda hili gari."

Polepole alifika. Tulishuka mlima, mimi na binti yetu nyuma, mume wangu mbele. Niliomba kimya kimya, nikihesabu kona. Kwenye kona ya tatu mwanamke mmoja alivuka barabara na toroli la viazi. Polepole alikanyaga breki. Gari likasimama kwa utulivu, kama mtu anayekaa kitini. Yule mama akainua mkono kushukuru, akaendelea na safari yake. Polepole hakuona kuwa ni jambo. Mume wangu aligeuka akanitazama. Nikamshika bega.

Saa nane mchana tulipata mjukuu wa kike, mwenye afya, mwenye sauti ya kuita watu sokoni.

Jumatatu fundi alikuja, akafanya kazi siku mbili uani kwetu. Mchana mume wangu hakushika randa hata mara moja. Alikaa kwenye kigoda karibu na fundi, na kila kilichotolewa alitaka kukiona. Mama Spana alisimamia akiwa kitini. Siku ya kwanza mume wangu aliuliza maswali mengi mpaka fundi akamwomba ampumzishe wakati wa kula. Alioneshwa zile raba za zamani. Zilikuwa laini, zinabonyea kama matunda yaliyooza. Alizifunga kwenye kitambaa, akazipeleka ndani, akaniambia nisizitupe.

Tulijifunza kwamba hakuna aibu mtu kuhudumia gari lake nyumbani. Fundi mwenyewe alisema magari mengi yangedumu zaidi kama wenyewe wangeyatazama kila wiki. Oili hupimwa gari likiwa mahali pa usawa na injini imezimwa. Maji ya rejeta hutazamwa injini ikiwa ya baridi, maana kifuniko cha rejeta ya moto kikifunguliwa maji huruka na kuunguza uso. Upepo wa matairi, taa, mikanda, maji ya kusafishia kioo, hivyo vyote ni vya mwenye gari. Kubadili oili pia, kama alivyofanya mume wangu, mradi gari likae juu ya stendi. Na kichupa cha breki atazame kila wiki. Lakini maji yake yakipungua, asikimbilie kumimina. Atafute kwanza kilichoyapunguza, na kama hajui, amwite anayejua. Fundi akaongeza kwamba hata maji sahihi ya breki hayawekwi kama chupa yake imekaa wazi muda mrefu, kwa sababu huvuta unyevu wa hewani. Yakidondokea rangi ya gari huibabua, kwa hiyo yafutwe na kuoshwa mara moja.

Jumanne jioni mume wangu alitengeneza rafu ndogo ya mbao yenye vyumba vinne. Akaniletea karatasi na kalamu. Alisema, "Mwalimu, niandikie." Hakuwa anatania. Niliandika kwa herufi kubwa: OILI YA INJINI. MAJI YA REJETA. MAJI YA BETRI. Kwenye chumba cha nne niliuliza niandike nini. Alifikiri, akasema niandike MAJI YA BREKI, DOT 3, na neno mafuta nisiliweke kabisa. Nikaandika hivyo. Mpaka leo nyumbani kwetu hatusemi mafuta ya breki.

Jioni hiyo hiyo fundi alipomaliza aliwasha injini, akakanyaga pedali na kuishikilia kwa dakika nzima. Haikuzama. Akaliendesha gari taratibu kwenye barabara ya usawa, akisimama na kuondoka, akisimama na kuondoka. Akagusa magurudumu, hayakuwa na moto. Ndipo akamrudishia mume wangu ufunguo.

Jumatano binti yetu aliruhusiwa kutoka hospitali. Mume wake alikuwa amefika asubuhi ile ile, bado ana vumbi la safari. Mama Spana alikuja nasi, maana alisema hawezi kufundisha breki halafu asizipande. Tulishuka mlima taratibu. Kona zote tatu zilipita salama.

Kwenye uwanja wa hospitali binti yetu alitoka na mtoto mikononi, na nesi akimbebea mfuko. Alipofika kwenye gari alisimama. Baba yake alikuwa ameshamfungulia mlango.

"Baba, nakupenda," alisema, "lakini mimi na mwanangu hatuingii mpaka uahidi. Tena mbele ya watu hawa wote."

Nesi akacheka, akaweka mfuko chini. Mkwe wetu akatazama viatu vyake, kwa sababu hakujua kama inafaa kumcheka baba mkwe. Mume wangu alivua kofia. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa mtoto. Akasema kwamba yeye, babu yake, hatamimina kitu chochote kwenye gari kabla hajajua jina lake na kazi yake. Breki hatazigusa bila fundi. Na mtu akimwuliza swali kuhusu kazi yake, hatamjibu kwa mzaha.

Nilidhani yameisha. Lakini Mama Spana alinielekezea fimbo.

"Na wewe uliyekishika kifuniko?"

Wote wakanigeukia. Machozi yalinijia, kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Mume wangu alikosea kwa kutojua. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilimchukua mjukuu wangu kutoka mikononi mwa mama yake, nikamshika vizuri, nikasema kwa sauti ili hata nesi asikie:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi. Nikisoma jambo lenye hatari kwa mtu yeyote, nitalisema. Nikiambiwa ninyamaze, nitalisema mara ya pili. Hata kama bado nasoma polepole, na hata kama anayekosea ni mtu ninayempenda kuliko wote."